Mchango, Arbuni au Hisa? Historia Fupi ya Istilahi za Kuchangia Michezo ya Kompyuta

Nyingi ya barua zinazoletwa katika dawati la istilahi huuliza swali moja tu: kitu fulani kinaitwaje kwa Kiswahili? Barua iliyoletwa na mwalimu mmoja wa Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, ilikuwa ya namna nyingine. Mwalimu huyo hakutafuta neno. Neno alikuwa nalo tayari, naye alilalamika kwamba neno hilo limewagombanisha watu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake alianza kutunga mchezo wa kompyuta, ambao ndani yake mchezaji huendesha mtumbwi kati ya Nansio na kisiwa cha Ukara, akikwepa mawimbi na kutafuta samaki. Alikusudia kuuuza katika duka la mtandaoni liitwalo Steam. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kununulia kompyuta ya kufaa, alimwomba mwalimu wake amsaidie kuandika ujumbe wa simu kwa ndugu, jamaa na marafiki. Ujumbe ulikuwa mfupi na Kiswahili chake kilikuwa safi. Uliomba mchango, uliahidi kwamba kila atakayetoa atapata nakala ya mchezo utakapokamilika, na ulimalizia kwa kusema kwamba mafanikio yakija, waliotoa hawatasahauliwa. Watu wapatao arobaini walituma fedha, wengi wao shilingi elfu kumi kumi.

Mwaka ulipita na mchezo ulikuwa bado nusu. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba watu wale arobaini hawakuwa wametoa kitu kimoja. Baadhi yao walisema kwamba wamemsaidia kijana, na jambo limekwisha. Wengine walisema kwamba wamenunua, nao wanadai mali yao. Wa tatu walisema kwamba wao ni wabia, na kwa hiyo waonyeshwe hesabu. Kila kundi lilishika sentensi moja ya ujumbe ule ule, na hapana kundi lililokuwa likisema uongo.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya desturi hii ya watu wengi kuchangia kazi ambayo bado haijawa kazi, kuonyesha jinsi ilivyoingia katika biashara ya michezo ya kompyuta, na kupendekeza istilahi ambazo zingeweza kuepusha ugomvi wa namna ya ule wa Nansio.

Mtunzi na tajiri wake

Yafaa kwanza tuelewe kwa nini mtunzi huwaendea watu wengi. Katika Ziwa Viktoria mvuvi asiye na chombo humwendea mwenye mtumbwi na nyavu, ambaye wavuvi humwita tajiri. Tajiri hutoa zana kabla samaki hajavuliwa, na kwa sababu hiyo huwa na sauti kubwa katika kuamua samaki atauzwa wapi na kwa bei gani. Katika biashara ya michezo ya kompyuta, nafasi ya tajiri imeshikwa kwa miaka mingi na mchapishaji. Yeye ndiye aliyelipa mishahara wakati mchezo ukitungwa, akagharimia matangazo, na mwishowe akachukua sehemu kubwa ya mapato, na mara nyingi hata haki ya kuumiliki mchezo wenyewe. Mtunzi wa kujitegemea ni yule anayetunga bila ya tajiri huyo.

Ukerewe inajua vema maana ya kukosa mchapishaji. Aniceti Kitereza, mwana wa kisiwa hiki, alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945. Hapakupatikana wa kuichapa. Ilimpasa aifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ndipo Tanzania Publishing House ilipoitoa mwaka 1980. Mwandishi alifariki mwaka 1981, kabla ya nakala zilizochapwa kumfikia. Ni miaka thelathini na mitano tangu kalamu ilipowekwa chini hata kitabu kutoka. Haikosi walikuwako watu wengi ambao wangependa kuisoma kazi ile. Kilichokosekana ni njia ya kuwafanya wasomaji hao, kila mmoja kwa kidogo chake, washike mahali pa mchapishaji mmoja. Njia hiyo ndiyo iliyotafutwa na watunzi wa michezo katika karne hii.

Maneno tuliyoyarithi

Kukusanya fedha za wengi si jambo geni kwetu, na Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno yake. Kitenzi *changa* ndicho shina la mchango, uchangiaji na changizo. *Bia* ni ushirika wa watu wanaotoa sehemu sehemu ili wale au wafanye jambo pamoja. Humo ndimo tulimopata mbia na ubia, ingawa leo ukisema watu wanakula bia utaulizwa ni ya chupa au ya kopo. *Kikoa* ni chakula cha shirika. *Upatu* ni fedha zinazotolewa na kila mwanachama na kupewa mmoja kwa zamu. *Arbuni*, neno lenye asili ya Kiarabu, ni fedha inayotangulizwa ili kufunga ununuzi wa kitu ambacho bado hakijakabidhiwa. *Hisa*, nalo la Kiarabu, ni fungu la mtu katika mali ya shirika.

Maneno haya hayalingani. Kila moja linasema ni nani anayebeba hasara jambo likiharibika. Mchango ukitolewa umekwenda, mtoaji hadai. Arbuni ni deni. Mpokeaji akishindwa kukabidhi kitu, atafutiwe njia ya kurudisha. Mwenye hisa hupata faida ikiwapo na hupata hasara ikiwapo, lakini ana haki ya kuuliza hesabu. Mzee mmoja wa Nansio, nilipomsomea ujumbe wa yule kijana, alicheka akasema kwamba humo mna arusi, duka na chama cha ushirika katika mtumbwi mmoja.

Historia ya Kanda ya Ziwa ina fundisho kuhusu jambo hili. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba, baada ya kuchoshwa na mizani za wanunuzi, waliunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Shirikisho lilipata viwanda vyake vya kuchambulia pamba, na sehemu ya fedha zake ilitokana na makato katika bei aliyolipwa mkulima. Je, makato yale yalikuwa ushuru, mchango au hisa? Wakati mambo yalipokuwa mazuri swali hili halikumsumbua mtu. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, na viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, ndipo lilipokuwa swali zito: mali ile ilikuwa ya nani?

Fundisho la pili ni la neno lililochafuliwa. Mwaka 2009 kampuni iliyojulikana kwa jina la DECI, iliyowaalika watu *kupanda* fedha ili baadaye *wavune*, ilisimamishwa na Serikali, na mwaka 2013 viongozi wake wakatiwa hatiani. Magazeti yaliliita jambo hilo upatu. Upatu wa kina mama, ambao ni desturi ya heshima na uaminifu, ukajikuta umebeba jina moja na mpango ambao ndani yake wa mwanzo hulipwa kwa fedha za wa mwisho. Tangu hapo mfasiri mwangalifu hawezi kulitumia neno hili bila kulifafanua.

Kwa jirani zetu wa Kenya neno lililotamalaki ni *harambee*, ambalo Jomo Kenyatta alilifanya kuwa wito wa taifa mwaka 1963. Shule na zahanati nyingi zilijengwa kwa harambee. Simu za mkononi zilipoanza kutuma fedha kwa M-Pesa mwaka 2007, mkutano wa harambee uliweza kufanyika bila ya watu kukutana. Na katika miaka ya 2010 Wakenya walianzisha mtambo wa kuchangisha kwa simu wakauita M-Changa. Shina letu la kale liliingia katika teknolojia mpya bila ya kusubiri kamati yoyote.

Duka lisilo na rafu

Sasa tutazame upande wa pili wa habari hii, yaani duka lenyewe. Kampuni ya Valve ya Marekani ilifungua Steam mwezi Septemba 2003, hasa kwa ajili ya kusambaza na kurekebisha michezo yake yenyewe. Mwaka 2005 ilianza kuuza michezo ya watu wengine. Duka hili halina rafu wala ghala. Mnunuzi hupokea mchezo kwa njia ya mtandao, na duka kwa kawaida hukata asilimia 30 ya mauzo. Kwa mtunzi wa kujitegemea faida yake ilikuwa kubwa, maana hakuhitaji tena mtu wa kuchapa santuri na kuzisafirisha. Lakini duka liliondoa gharama ya kusambaza tu. Gharama ya kutunga ilibaki pale pale.

Pengo hilo lilizibwa kwa njia mbili. Ya kwanza ilitoka nje ya duka. Mwezi Aprili 2009 lilianzishwa huko New York jukwaa la Kickstarter, ambalo mtunzi hutangaza humo kazi anayokusudia na kiasi anachohitaji. Kiasi kisipotimia, hapana anayetozwa. Mwezi Februari 2012 studio ya Double Fine ya California iliomba dola 400,000 ili itunge mchezo. Hadi mwezi Machi watu zaidi ya 87,000 walikuwa wametoa zaidi ya dola milioni 3.3. Watunzi wengi waliona kwamba siku za tajiri zimekwisha.

Hazikuwa zimekwisha. Mwezi Julai 2013 Double Fine ilieleza kwamba fedha zile, pamoja na wingi wake, hazitatosha, na kwamba mchezo utagawanywa sehemu mbili ili mauzo ya sehemu ya kwanza yamalizie ya pili. Sehemu ya kwanza ya mchezo huo, uitwao Broken Age, ilitoka mwezi Januari 2014 na ya pili mwezi Aprili 2015. Waliochanga walipata walichoahidiwa, lakini baada ya muda mrefu kuliko ule waliouelewa. Kickstarter wenyewe walikwisha kuona hatari ya neno. Mwezi Septemba 2012 walitangaza kwamba jukwaa lao si duka, wakimaanisha kwamba mtoaji asidhani ananunua bidhaa iliyo tayari. Ugomvi wa Nansio, kwa hiyo, ulikwisha kutokea huko ng'ambo kwa lugha nyingine.

Njia ya pili ilitoka ndani ya duka. Markus Persson wa Sweden alikuwa ameanza mwaka 2009 kuuza mchezo wake wa Minecraft ungali haujakamilika, na fedha za wanunuzi wa mwanzo zikamwezesha kuukamilisha mwaka 2011. Mwezi Machi 2013 Steam iliifanya desturi hiyo kuwa sehemu ya duka: mtunzi anaruhusiwa kuuza mchezo mchanga, akiendelea kuukuza mbele ya macho ya wanunuzi. Hapa duka limefanywa kuwa mahali pa kuchangisha, ingawa halijiiti hivyo. Maelezo yake kwa mnunuzi ni ya wazi: baadhi ya watunzi hawatamaliza, na kwa hiyo mtu asinunue ila kama anaridhika na mchezo ulivyo leo. Tangu mwezi Juni 2015 mnunuzi anaweza kurudishiwa fedha zake akiomba katika siku 14, ikiwa hajacheza zaidi ya saa mbili. Muda huo ukipita, matumaini ni yake mwenyewe.

Ama kuhusu kuingia katika duka, kati ya mwaka 2012 na 2017 ilikuwako taratibu iliyoitwa Greenlight, ambayo kwayo wachezaji walipiga kura kuchagua michezo ya kupokelewa. Iliondolewa mwezi Juni 2017, na badala yake mtunzi hulipa dola 100 kwa kila mchezo, ambazo hurudishiwa mauzo yakifika dola 1,000. Kwa kijana wa Nansio ada hiyo peke yake si ndogo.

Jina la Kiswahili huko Yaoundé

Mfano wa Kiafrika ulio bora katika jambo hili unatoka Kamerun, na unahusu lugha yetu zaidi ya ilivyotazamiwa. Mwaka 2013 Guillaume Olivier Madiba na wenzake walianzisha katika jiji la Yaoundé studio ya Kiro'o Games. Jina hilo, kwa maelezo yao, limetokana na maneno ya Kiswahili *kiroho maono*. Sisi tungesema maono ya kiroho; lakini tuwashukuru waliovuka nusu ya bara kuja kuazima neno, hata kama waliligeuza njiani.

Kiro'o hawakuwa na tajiri. Kwanza walitafuta wawekezaji wadogo wadogo, ndani na nje ya nchi, waliopewa hisa katika kampuni. Kisha, mwaka 2015, waliomba katika Kickstarter yuro 40,000 za kukamilishia mchezo wao wa Aurion, wakapata zaidi ya yuro 49,000. Mwezi Aprili 2016 mchezo ulianza kuuzwa Steam.

Tazama utaratibu wao. Walichangisha kwa njia mbili, na hawakuzichanganya. Aliyenunua hisa alijua kwamba ana fungu katika kampuni. Aliyetoa katika Kickstarter alijua kwamba atapata mchezo na zawadi zilizotajwa, si fungu. Watu hao hawakuwa wakikaa chumba kimoja, wala hawakuwa na mila moja, lakini kila mmoja aliingia kwa mlango ulioandikwa jina lake. Tofauti ya Yaoundé na Nansio haikuwa ya akili wala ya bidii.

Sheria nazo zimefuata njia hiyo hiyo ya kutenganisha. Huko Marekani kanuni zinazowaruhusu wananchi wa kawaida kununua hisa kwa njia ya uchangishaji wa mtandaoni zilianza kutumika mwaka 2016. Kenya ilitoa kanuni zake za uchangishaji wa uwekezaji mwaka 2022. Zawadi na ununuzi wa kabla haviguswi na kanuni za namna hiyo. Huguswa na sheria nyingine. Mfasiri anayefasiri yote matatu kwa neno *mchango* anamficha msomaji sheria inayomlinda.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia yaliyotangulia, tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe.

(a) *Changizo la wengi* liwe neno la jumla. Wako wanaotumia *ufadhili wa umma*. Neno hilo halifai, kwa sababu fedha za umma ni fedha za Serikali, na karani atakayesoma kwamba mchezo umepata ufadhili wa umma atatafuta fungu lake katika bajeti. *Umati* nao hauridhishi. Umati hukusanyika, haufungi mkataba.

(b) Chini ya neno hilo yawepo matatu: *changizo la hiba*, ambalo mtoaji hadai kitu, *changizo la arbuni*, ambalo mtoaji anadai nakala, na *changizo la hisa*, ambalo mtoaji anadai fungu la faida na haki ya kuona hesabu. Wapo watakaosema kwamba arbuni inasikika karibu mno na kurubuni. Hilo si aibu. Afadhali neno linalomkumbusha mpokeaji asirubuni kuliko neno linalomsahaulisha.

(c) *Toleo changa* litumike kwa mchezo au programu inayouzwa kabla ya kukamilika. Tulifikiria *toleo la awali*, lakini hilo laweza kumaanisha toleo lililokamilika ambalo limefuatwa na jingine. Kichanga kila mtu anajua kwamba huenda akakua na huenda asikue.

(d) *Mtunzi wa kujitegemea* litumike badala ya *mtunzi huru*. Huru humaanisha pia asiyefungwa na neno lake, na aliyepokea arbuni hayuko huru kwa maana hiyo.

(e) *Duka la mtandaoni* libaki kama lilivyo, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka. Walimu hata hivyo waeleze kwamba kinachonunuliwa humo kwa kawaida ni ruhusa ya kutumia, si kitu cha kumiliki. Tangu mwezi Oktoba 2024 Steam yenyewe huandika hivyo mbele ya mnunuzi kabla hajalipa.

(f) Kuhusu *mchezo wa kompyuta* na *gemu*, hatuoni haja ya kushindana. Vijana wanasema gemu. Hati rasmi ziandike mchezo wa kompyuta, ili ofisi ya michezo isipelekewe barua isiyoihusu.

Hitimisho

Nilikwenda Nansio kuonana na mwalimu na kijana yule. Tulikaa jioni moja tukaandika upya ujumbe ule, safari hii kwa mafungu matatu, na kila mtoaji akaombwa aseme yeye yuko katika lipi. Wengi walichagua hiba; kumbe waliolalamika walikuwa wachache kuliko kelele zao. Kumi na mmoja walisema walikusudia kununua, na kijana akawaandikia kila mmoja hati ya deni: nakala au fedha, kabla ya mwaka kwisha. Wawili walitaka hisa. Hao waliambiwa kwa adabu kwamba hapakuwa na kampuni, na kwa hiyo hapakuwa na hisa. Mmoja alikubali arbuni, na wa pili bado hajakubali neno lolote.

Mchezo wenyewe haujakamilika. Mtumbwi unatoka Nansio lakini haujafika Ukara. Istilahi haiwezi kuufikisha. Hiyo ni kazi ya mtunzi na usiku wake. Istilahi yaweza tu kuhakikisha kwamba kila aliyepanda anajua kama yeye ni abiria, mnunuzi wa samaki, au mwenye ubao katika chombo.

Wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali wanaombwa kuleta maoni yao juu ya maneno yaliyopendekezwa, hasa wale wanaotoka katika sehemu zenye maneno mengine ya kuchangia ambayo hayakutajwa hapa. Maneno hayo nayo ni mchango. Na huo, tunaahidi, ni wa hiba.